Kabla Hujavunja Ukuta wa Zamani, Geuza Mawe

Mwaka jana niliitwa Zombe kujenga kanisa. Najua baadhi yenu mtacheka. Mwashi wa Mji wa Kale, mtoto wa chuo cha Kurani, anapanda gari hadi Kitui Mashariki kwenda kuinua kuta za kanisa. Lakini kazi ni kazi, na aliyeniita ni mwenzangu tuliyejenga naye miaka mingi Changamwe na Mikindani. Yeye ni Mkamba wa huko. Aliniambia, "Ndugu yangu, wewe umezoea matumbawe. Njoo uone kama utayaweza mawe ya kwetu."

Si mchezo. Zombe ni nchi kavu, mashariki ya mji wa Kitui, na mawe yake ni magumu, ya kijivu, yanatoa cheche ukiyagonga. Siku mbili za kwanza nilivunja patasi mbili.

Kanisa la zamani lilikuwa dogo na pembe zake mbili zilikuwa zimepasuka. Kamati ilikubaliana libomolewe na mawe yake yaingie kwenye jengo jipya. Siku ya tatu ya kubomoa, kijana mmoja alitoa jiwe chini ya dirisha, akaligeuza ili alibiringishe, kisha akatuita. Upande uliokuwa umefichwa ndani ya ukuta ulikuwa na msalaba. Ulichongwa kwa patasi, wala si kwa ustadi mkubwa, maana mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa pili. Chini yake kulikuwa na herufi mbili zilizolika.

Kazi ikasimama. Mmoja wa kamati akasema jiwe ni jiwe, liende msingini, kwani msalaba mpya wa chuma umeshaagizwa. Mwingine akasema jiwe lenye msalaba halikanyagwi hata siku moja. Wa tatu akauliza kama haifai kulizika makaburini. Mwenyekiti akanigeukia: "Fundi, wewe si wa kanisa hili. Unasemaje?"

Niliyowaambia siku ile ndiyo ninayotaka kuyaandika hapa, kwa sababu yanatuhusu sisi wa pwani kuliko wao.

Nilianza kwa kuwaambia kwamba hawakuwa watu wa kwanza kukuta msalaba ndani ya ukuta. Huko Uingereza, hasa kaskazini, na huko Uskoti, Wakristo wa karne ya 8 hadi ya 10 walikuwa na desturi ya kusimamisha misalaba mirefu ya mawe nje, kwenye makaburi na penye mikutano ya sala. Iliandikwa na kuchorwa pande zote: mizabibu, wanyama waliosokotana, fundo za kamba zisizo na mwanzo wala mwisho. Baadaye watu wakataka makanisa makubwa ya mawe. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066 ujenzi ukazidi, na mtindo wa kale ukaonekana umepitwa. Misalaba ile ikawa imesimama pale pale penye kazi, imeshachongwa, imeshanyooshwa.

Mwashi yeyote atakuambia kilichofuata. Jiwe refu lililonyooka pande nne ni mali. Linafaa kuwa kizingiti cha juu ya mlango, linafaa pembeni panapobeba uzito. Huhitaji kulichimba wala kulisafirisha. Ndiyo maana hadi leo ukienda kwenye makanisa ya vijijini huko utakuta katikati ya ukuta wa mawe ya kawaida kuna jiwe moja limelala ubavu, na juu yake nusu ya fundo, limekatwa pale mwashi alipotaka liishie.

Katika kijiji cha Middleton, Yorkshire, vipande vya misalaba ya karne ya 10 vilitolewa ndani ya kuta za mnara wa kanisa mwaka 1948. Kimoja kina picha ya mtu mwenye mkuki, upanga na shoka. Wataalamu wamebishana sana juu yake: wengine walidhani ni maiti kaburini na silaha zake, wengine wakasema ni bwana mkubwa amekaa kitini. Ubishi huo usingekuwepo kama mwashi wa zamani angelivunja lile jiwe kuwa kokoto. Kwa kulijengea aliliondoa machoni pa watu, lakini pia alilikinga na mvua na barafu kwa mamia ya miaka.

Wapo waliovunja makusudi. Msalaba wa Ruthwell, kusini mwa Uskoti, una urefu unaozidi mita 5 na ulichongwa karne ya 8. Ubavuni mwake kuna maandishi ya Kilatini, na mengine ya Kiingereza cha kale kwa herufi zinazoitwa runi. Mwaka 1642, wakati wa wale waliopinga sanamu makanisani, uliangushwa ukavunjwa. Vipande vingine vilibaki sakafuni mwa kanisa watu wakivikanyaga, vingine vikatupwa uani. Karne ya 19 kasisi wa pale, Henry Duncan, akavikusanya kimoja kimoja, akausimamisha tena kwenye bustani yake mwaka 1823. (Huyu Duncan ndiye aliyeanzisha benki ya akiba kijijini hapo mwaka 1810, kwa ajili ya maskini wenye senti chache. Wanachama wa vyama vya akiba na mikopo mkumbukeni.) Mwaka 1887 msalaba uliingizwa ndani ya kanisa, na kwa urefu wake ikabidi sakafu ichimbwe.

Mzee mmoja wa Zombe akanikatiza. "Hao ni Wazungu, Fundi. Kwenu je?"

Nikamwambia kwetu lipo, tena ni kubwa kuliko hayo, na si la msalaba.

Kusini ya kisiwa cha Unguja kuna kijiji cha Kizimkazi Dimbani. Msikiti wake kwa nje haukushtui. Kuta nyeupe, paa la bati, ungeweza kuupita ukidhani umejengwa na mababu zetu wa juzi. Ingia ndani utazame ukuta wa kibla. Kuna maandishi yaliyochongwa kwenye matumbawe, kwa herufi za Kufi zilizochipua majani kama mmea, na yanasema kwamba msikiti umejengwa kwa amri ya Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 wa Hijria. Hiyo ni 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yenye tarehe katika mwambao wetu wote.

Lakini msikiti unaouona si wa 1107. Ndani kuna tarehe nyingine, ya 1184 Hijria, yaani karibu na 1770. Neville Chittick, aliyechimba pale mwaka 1960, aliona kuwa jengo lililosimama kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18, limeinuliwa mahali pa lile la kwanza. Watu wa Kizimkazi walipojenga upya walilikuta jiwe la wazee wao, na zaidi ya miaka 650 ilikuwa imepita. Sidhani wengi wao waliweza kusoma Kufi ile. Hata leo msomi wa Kiarabu cha kawaida inamtoa jasho. Hata hivyo hawakulitia msingini. Walilirudisha kwenye kibla, uso ukitazama watu, na tarehe yao wakaiandika bila kuifuta ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1922 mtaalamu wa maandishi hayo, Samuel Flury, aliweza kuchapisha uchambuzi wake herufi kwa herufi. Na kwa sababu hiyo wanahistoria leo wanaweza kulinganisha uchongaji ule na ule wa Siraf, bandari ya Uajemi, na kujadili kama fundi alitoka huko au alikuwa wa hapa hapa. Mimi kama mwashi naegemea upande wa fundi wa hapa, au aliyekaa hapa muda mrefu. Matumbawe ya kuchonga hayachimbwi nchi kavu kama mawe ya kujengea. Yanatolewa baharini yakiwa hai, na yanachongwa mabichi, kabla hayajakauka, maana yakikauka yanakuwa magumu. Ufundi huo haujifunzwi kwa wiki moja na mgeni aliyeshuka jahazini.

Wala sisi si wageni wa kutia vitu vya thamani ukutani. Nguzo ya kaburi la Mambrui ina mabakuli ya Kichina. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na sehemu ya kanisa hilo ikawa ukuta wa ngome. Na Malindi juu ya ile nguzo ya Vasco da Gama kuna msalaba wa jiwe lililotoka Ureno, ambao inasimuliwa kwamba uliondolewa mahali pa kwanza kwa sababu wenyeji hawakuupenda, kisha ukasimamishwa pale ulipo sasa. Walioukataa hawakuuponda. Hilo nililisema polepole, ili yule aliyetaka jiwe liende msingini alisikie.

Sasa niseme langu, ambalo Zombe sikulisema.

Nilikuwa na miaka 17, nikijifunza uashi kwa fundi mmoja, Mungu amrehemu. Tulipata kazi ya kupanua msikiti. Jina na mji sitautaja, kwani kosa ninalolisimulia ni langu. Kibla kilizungukwa na mawe ya matumbawe yaliyochongwa kamba zilizosokotana na maduara kama maua. Juu yalikuwa yamepakwa chokaa mara nyingi sana hata mchoro umekuwa kama uso wa mtu chini ya shuka. Mfadhili alitaka vigae. Tukaambiwa tuyatoe.

Hayakutoka kwa urahisi, kwa hiyo tuliyavunja. Nyundo nilishika mimi. Jiwe moja lilipoanguka, chokaa ikabanduka, nikaona maandishi. Nikampelekea fundi. Aliyatazama, akasema leo Alhamisi, kesho watu wanataka kusali. Tukayatandaza yote chini ya baraza kama kifusi, tukamwaga simiti juu yake.

Baraza lile lipo hadi leo. Watu huvua viatu pale. Mimi nikienda kusali msikiti ule huingia mlango wa pili.

Jiwe lile huenda lilikuwa na aya tu, kama zilivyo nyingi. Huenda lilikuwa na jina la mtu na mwaka. Sijui, na ndilo linalonisumbua, kwa sababu mimi ni mmoja wa watu wachache waliolishika likiwa zima.

Kwa hiyo ukiwa kwenye kamati ya msikiti, au ya kanisa, au una nyumba ya urithi unataka kuibomoa upandishe ghorofa, nisikilize mambo ya kifundi kidogo.

Jiwe lililotumika mara ya pili hujisema lenyewe ukijua pa kutazama. Katika ukuta wa mawe ya ovyo linakuwa moja tu lililonyooshwa. Lina mstari au duara linaloishia ukingoni ghafla, kana kwamba kuna nusu nyingine mahali. Alama za patasi yake zinakwenda upande tofauti na za jirani zake. Likitoka, upande wake wa ndani unakuwa na chokaa ya kale iliyopakwa na kulainishwa, na hakuna anayelainisha chokaa ndani ya ukuta. Maana yake upande ule uliwahi kuwa nje. Wabomoaji hutazama uso tu. Tazama na mgongo.

Kabla halijatoka, lipige picha likiwa mahali pake, na ukuta mzima uonekane, si jiwe peke yake. Kila mtu ana simu. Waingereza wameorodhesha misalaba yao ya kale jimbo kwa jimbo, kazi iliyoanzishwa na Bi Rosemary Cramp wa Durham, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1984. Kila kipande kina picha yake na mahali kilipo. Sisi hatujachelewa, tumechelewa kuanza tu.

Kisha sheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Ukigundua kitu cha kiakiolojia cha namna hiyo unatakiwa kuyaarifu Makavazi ndani ya siku saba. Najua hofu ya watu: tukisema, watatusimamishia ujenzi. Hofu hiyo naielewa, nimeishi kwa kazi hii. Lakini mara nyingi kamati inayokwenda Fort Jesus na picha mkononi kabla ya kuanza hupata mazungumzo, na inayokutwa na kifusi hupata kesi.

La mwisho ni simiti. Ukiamua kulirudisha jiwe la matumbawe ukutani, usilishike kwa simiti. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na haipumui. Unyevu na chumvi vikitafuta njia ya kutoka vitapitia kwenye jiwe, na uso wake utaanza kumung'unyika, mchoro kwanza. Tumia chokaa na mchanga usio na chumvi. Chokaa ina faida nyingine ambayo wazee waliijua: atakayekuja baada yako akitaka kulitoa jiwe, litatoka zima. Mawe ya kibla tuliyovunja mimi na fundi wangu yalikuwa yameshatiliwa simiti na mtu aliyetutangulia, akidhani anayaimarisha.

Turudi Zombe. Tulipokuwa bado tunazungumza, akaja bibi mmoja mzee sana ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Akaletewa kiti. Akalitazama jiwe, akacheka. Mwenzangu alinifasiria: lile jiwe lilichongwa na baba mkwe wake. Lilikaa mlangoni pa nyumba ya sala ya kwanza, iliyokuwa ya nyasi. Walipojenga lile kanisa tulilokuwa tukilibomoa, mafundi waliligeuza uso ndani.

"Kwa nini waligeuza?" mwenyekiti akauliza. Nilidhani atajibu jambo la ugomvi wa zamani, mtu kumkataa mtu.

Susu akasema mgongo wake ulikuwa bapa, plasta ingeshika vizuri.

Kamati nzima ilikaa kimya, kisha watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyerudia tena habari ya msingi. Wakaamua liwekwe ubavuni mwa mlango mkubwa, uso nje, bila kuongezwa rangi wala kuchongwa upya ule mkono mfupi. Kijana aliyeligundua alipiga picha sehemu lilipotoka. Mimi nilimtuma mtu Kitui akanunue mfuko wa chokaa. Muuzaji alimuuliza mara mbili kama hakukosea, si simiti.

Nililiweka mwenyewe, kimo cha macho, nikalipima kwa timazi. Jioni Susu akaletwa kuliona. Akanyosha mkono, haukufika. Akasema neno kwa Kikamba, mwenzangu akainama akicheka.

"Anasema, kimo cha macho ya nani?"

Chokaa ilikuwa bado mbichi. Tukalitoa, tukalishusha safu mbili.